Masahihisho

Kituo chetu kimekaa juu ya tangi kavu la kampuni ya chumvi,
Gongoni, kaskazini ya Malindi.
Ngazi ina vidato kumi na tisa. Cha saba kimeliwa na kutu;
tunakiruka gizani bila kukumbushana.

Saa tatu usiku, asema Famau.
Saa ya ukutani yasema ishirini na moja.
Daftari linataka saa ya dunia: kumi na nane kamili.
Jiwe halina habari na zote tatu.

Ni nukta. Wala si nukta nzuri.
Mgeni wa wizarani aliinama kwenye darubini, akanyanyuka:
"Ni hii tu?"
Ni hii tu. Twaipima nuru yake kila baada ya dakika mbili,
twaiweka kando ya nyota isiyobadilika,
kama muuza duka awekavyo kilo ya chuma upande huu wa mizani
na sukari upande ule.
Ikipungua, jiwe limetugeuzia ubavu mwembamba.
Ikizidi, limetuonyesha mgongo mpana.
Limezunguka. Zaidi ya hapo hatujui.

Mwezi ukipanda, kazi imeharibika:
majaruba ya chumvi yanawaka chini yetu, ekari kwa ekari,
na mbingu inachujuka kama kanga ya zamani.
Tunaifunika darubini. Famau anachemsha tangawizi.
Mimi napiga simu nyumbani.

Nyumbani, Mambrui, dada yangu Mbodze anamgeuza baba.
Tangu kiharusi, ni kila baada ya saa mbili:
ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto,
mto katikati ya magoti, poda mgongoni.
Amechora jedwali ukutani kwa makaa,
saa, ubavu, saini, kama mlinzi wa benki.
"Umemgeuza saa nne?"
"Nimemgeuza."
"Kidonda?"
"Kimekauka upande mmoja."

Usiku wa kumi na moja tukalipata umbo:
nuru yapanda, yashuka, yapanda, yashuka.
Saa nne na dakika sita, tukaandika, tukatuma Nairobi.
Famau akachinja kuku.

Usiku wa kumi na nne, vuli imetupa nafasi,
nikaona kilele cha pili hakilingani na cha kwanza.
Kimepungua kiasi cha ukucha.
Nikalaumu chumvi kwenye kioo. Nikalaumu upepo.
Nikamlaumu Famau, aliyekohoa.
Usiku uliofuata kikapungua vilevile, palepale.

Jiwe ni refu, kama kiazi kilichoumwa na panya upande mmoja.
Mgongo huu ulipita ukang'aa,
ule wa pili ukang'aa chini kidogo,
nasi tukaudhani ni uleule umerudi.
Mzunguko mzima ni maradufu ya tulivyosema.
Tulikuwa tumetangaza nusu ya kweli,
kwa uaminifu mtupu, na kuku juu yake.

Barua ya masahihisho ina mistari mitatu.
Niliiandika nyumbani, usiku wa zamu yangu,
tochi ya simu mdomoni,
baba kalala ubavu wa kushoto, uso ukutani.
Mistari mitatu, nikaifuta mara tano.
Kisha mkono chini ya bega, mkono chini ya nyonga,
moja, mbili, haya,
na uso wake ukaja kwenye mwanga.
Nusu ya mdomo imeshuka, jicho moja halifumbi.
Nusu ya pili ni yule msimamizi wa majaruba
aliyekuwa akinifokea nisikanyage maji yanayoganda.
Akanitazama kwa nusu hiyo. Nadhani alitaka kunifokea.

Lile jiwe hakuna anayeligeuza.
Sijui kwa nini hilo lilinikaa rohoni kuliko kosa lenyewe.

Asubuhi Mbodze akasimama mbele ya jedwali, kikombe mkononi.
"Saa nane na dakika kumi na mbili?
Hizi dakika kumi na mbili ni za nini?"
"Nilikuwa nasahihisha," nikasema.
Akachukua kipande cha makaa,
akaandika saa nne.